Mapitio: Ripoti ya viungo ndani ya Google Search Console, na zana ya kukana viungo ambayo wengi hawaihitaji

Google Search Console, zana ya mtandaoni ya wenye tovuti, ni bure, haina daraja la kulipia, na ndiyo sehemu pekee ambapo Google yenyewe humwonyesha mwenye tovuti ni akina nani wanaomtaja kwa kiungo. Ilizaliwa mwaka 2005 kwa jina la Google Sitemaps, ikawa Webmaster Tools, na tangu Mei 2015 inaitwa hivi tunavyoijua. Mapitio haya yanahusu vyumba vitatu tu vya nyumba hiyo: ripoti ya viungo, ukurasa wa adhabu, na zana ya kukana viungo (disavow), yaani ya kuiomba Google isivihesabu viungo fulani vinavyokuja kwako. Hukumu tuitoe mapema. Chumba cha kwanza kina mali nyingi na hutembelewa kidogo mno. Cha pili ukikikuta kitupu, shukuru na uendelee na kazi. Cha tatu kina dawa kali ya ugonjwa mmoja, nacho ndicho watu hukikimbilia hata wakiwa wazima.

Kura, na soko la kura

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza hadharani injini yao ya kutafuta na kanuni waliyoiita PageRank. Ukurasa ukiweka kiungo kwenda ukurasa mwingine, umeupigia kura. Kura ya ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi ina uzito kuliko kura ya ukurasa usiojulikana, na uzito huo hugawanywa kwa idadi ya viungo vilivyomo. Katika hesabu waliweka kipunguzi cha 0.85: msomaji wa kubuni, kila hatua, ana uwezekano wa asilimia 85 wa kufuata kiungo kilicho mbele yake na asilimia 15 wa kuchoka na kurukia ukurasa mwingine wowote.

Kura zikishakuwa na thamani, wanunuzi hawakosekani. Sehemu za maoni za blogu zikajaa viungo vya dawa na kamari, hadi Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zikakubaliana juu ya alama ya nofollow, inayowekwa kwenye kiungo ili kisihesabiwe kuwa kura. Mafundi wakaigeuza kuwa hila: waliiweka kwenye viungo vya ndani ya tovuti zao ili uzito wote uelekee ukurasa wa mauzo. Mwaka 2009 Matt Cutts, aliyeongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka za mtandaoni, alieleza kwamba hila hiyo imekwisha nguvu. Chukua ukurasa wenye viungo 10, vitano vikiwa na nofollow. Zamani uzito uligawanywa kwa vitano vilivyobaki. Baada ya mabadiliko unagawanywa kwa 10, na mafungu matano yanapotea bure. Ukikutana na fundi anayetoza fedha kwa kazi hii leo, anakupunguzia ulichonacho.

Tarehe 24 Aprili 2012 ikaja Penguin, kanuni mpya ya Google dhidi ya taka za viungo, iliyogusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Wakati ule Penguin ilishusha tovuti nzima, na aliyeshushwa hakupanda hadi Google ilipoamua kuiendesha tena, hata kama alikwishasafisha kila kitu. Kati ya toleo la Oktoba 2014 na lile la Septemba 2016 ilipita karibu miaka miwili. Katika hofu hiyo ndipo zana ya kukana viungo ilipotolewa, Oktoba 2012, na hofu hiyohiyo bado inauzwa hadi leo ingawa mambo yamebadilika kabisa.

Mabadiliko yenyewe ni haya. Tarehe 23 Septemba 2016 Penguin 4.0 iliingizwa ndani ya mfumo mkuu wa Google, ikawa inafanya kazi muda wote, na badala ya kuishusha tovuti ikaanza kuvipuuza viungo vibaya vyenyewe. Mwaka 2018 ukaongezwa mfumo wa kujifunza uitwao SpamBrain, na katika sasisho la Desemba 2022 mfumo huo ulianza kutumika kutambua tovuti zinazonunua viungo pamoja na zile zilizoundwa ili kuvipitisha. Kiungo kikishatambuliwa, faida iliyotokana nacho hufutwa, na Google imeandika wazi kwamba faida hiyo hairudi tena. Kwa hiyo mwenye tovuti aliyepanda kwa viungo vya kununua akashuka ghafla, mara nyingi hajaadhibiwa. Amerudishwa mahali alipostahili kuwa tangu mwanzo, na hakuna faili la kupakia litakalompandisha.

Ripoti yenyewe

Ingia Search Console, shuka kwenye menyu ya kushoto hadi panapoandikwa Links. Utaona majedwali manne. Matatu ni ya viungo vinavyokuja kwako kutoka tovuti nyingine: kurasa zako zinazounganishwa zaidi, tovuti zinazokuunganisha zaidi, na maneno yanayotumika kwenye viungo hivyo. La nne ni la viungo vya ndani, yaani kurasa zako zinavyotajana. Ukibofya ukurasa mmoja, ripoti hukufungulia tovuti zilizouunganisha, na ukibofya tovuti utaona kurasa zake moja moja.

Kila jedwali lina kikomo cha safu 1,000. Kwa tovuti ya shule au duka hiyo ni zaidi ya kutosha, ila tovuti ya habari itafika ukingoni siku ya kwanza. Dawa yake ni kitufe cha kupakua viungo vya nje, kilicho juu upande wa kulia, ambacho hutoa hadi safu 100,000. Utaulizwa uchague sampuli au viungo vya karibuni. Chagua vya karibuni, kwa sababu faili hilo lina tarehe ambayo roboti ya Google iliupitia ukurasa mara ya mwisho, na bila tarehe huwezi kujua kama kundi la viungo limetokea mwezi uliopita au lipo tangu enzi za kale.

Kasoro za ripoti zielezwe bila kuficha, maana ndizo zinazowapoteza watu. Kwanza, inaonyesha sehemu tu ya viungo ambavyo Google inavijua, hivyo idadi ikishuka kutoka 4,000 hadi 3,100 si lazima uwe umepoteza chochote. Pili, haitenganishi kiungo cha kawaida na chenye nofollow, vyote vimo kwenye kapu moja. Tatu, viungo ulivyovikana huendelea kuonekana, na watu hudhani zana ya kukana imegoma. Nne, hukusanya tovuti kwa kikoa chake kikuu, yaani jina kuu la anwani yake, hivyo blogu tofauti zilizo chini ya jina moja huonekana kama tovuti moja. Na haikuambii popote kama kiungo fulani kinahesabiwa au kimepuuzwa. Hili la mwisho Google haitalitoa kamwe, kwa sababu siku ikilitoa wauzaji wa viungo watapata kipimo cha kujaribia bidhaa zao.

Mali iliyolala: viungo vinavyoishia ukutani

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote ndani ya ripoti hii hainunuliwi na haihitaji kumwomba mtu. Tovuti nyingi hubadilishwa sura kila baada ya miaka michache. Fundi mpya anaweka mfumo mpya, anwani za kurasa zinabadilika, na viungo vilivyokusanywa kwa miaka mingi vinaelekea kurasa ambazo hazipo. Gazeti liliwataja mwaka 2017, chuo kikuu kikaweka kiungo, mwongozo wa watalii ukawapendekeza, na vyote vinaishia kwenye ujumbe wa 404, yaani ukurasa haukupatikana. Kiungo kinachoishia 404 hakina kitu cha kukupa.

Kuvirudisha fanya hivi. Pakua jedwali la kurasa zinazounganishwa zaidi. Ongeza orodha ya anwani za 404 kutoka ripoti ya faharasa ya kurasa (Page indexing). Ziunganishe kwenye Excel, ondoa zinazojirudia, kisha zipime zote zinajibu nini. Programu ya Screaming Frog katika toleo lake la bure hupima anwani 500, na katika hali ya orodha unabandika anwani zako tu. Asiye nayo anaweza kupima moja moja kwenye kompyuta yoyote yenye curl, programu ndogo ya kuiuliza seva kwa amri:

curl -I https://www.mfano.example/safari-serengeti.html

Mstari wa kwanza wa jibu ndio unaoutaka. Ikisema 200, ukurasa upo. Ikisema 301, umeelekezwa kwingine kwa kudumu. Ikisema 404, hapo ndipo pana kazi. Kwa kila anwani ya 404 yenye viungo vya nje, tafuta ukurasa mpya unaozungumzia jambo lilelile, kisha uelekeze. Kwenye seva ya Apache ni mstari mmoja ndani ya faili la mipangilio liitwalo .htaccess:

Redirect 301 /safari-serengeti.html /safari/serengeti/

Makosa mawili huiharibu kazi hii. La kwanza ni kuelekeza kila anwani ya zamani kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Google hulitazama jambo hilo kama 404 iliyojificha, kwa sababu msomaji aliyetaka bei za Serengeti amepelekwa sebuleni akaachwa amesimama, na viungo vinabaki bila faida. La pili ni kuondoa uelekezaji mapema. Ushauri wa Google ni kuuacha kadiri inavyowezekana, angalau mwaka mmoja, lakini faili la .htaccess lenye mistari 200 halikugharimu kitu kulitunza kwa miaka 10, kwa hiyo litunze.

Jedwali la viungo vya ndani nalo lina hazina yake. Ukiona ukurasa wa sera ya faragha una viungo vya ndani 800 na ukurasa wa huduma inayokuletea riziki una vinne, umeshapata jibu la kwa nini ukurasa huo hauonekani. Sera imo kwenye mguu wa kila ukurasa. Huduma imefichwa ndani ya menyu. Hakikisha pia viungo vyako ni viungo kweli. Roboti ya Google hufuata alama ya a yenye href ndani yake. Kitufe kilichoundwa kwa span au div na amri ya JavaScript ya kubofya hufanya kazi kwa msomaji, ila kwa roboti ni mlango uliochorwa ukutani.

Halafu maneno ya kiungo. Tovuti za Kiswahili zina mazoea ya kuandika "bofya hapa" na "soma zaidi" kila mahali. Maneno ndani ya kiungo huieleza injini ukurasa unaofuata unahusu nini, na "hapa" haielezi kitu. Andika "bei za mbolea ya kupandia" au "ratiba ya boti ya kwenda Pemba", maneno ambayo msomaji akiyaona pekee yake angejua anakwenda wapi. Kama kiungo ni picha, Google husoma maelezo ya picha yaliyo kwenye alt, hivyo alt tupu ni kiungo kisicho na maneno.

Vitu vinavyouzwa nje ya zana hii

Huwezi kuipima ripoti hii bila kuwataja wanaokuandikia barua pepe kukuuzia linki. Waswahili walishasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ofa zao huja na herufi DA na namba, DA 50, DA 70. DA (Domain Authority) ni kipimo cha kampuni ya Moz, kutoka 1 hadi 100, kilichotengenezwa kukadiria. Google haikitumii. Tovuti inaweza kuwa na DA 60 na kiungo chake kikawa kimepuuzwa tangu miaka mitatu iliyopita, na mnunuzi hana njia ya kulijua hilo kabla ya kulipa wala baada ya kulipa.

Sera za Google zinataja waziwazi yanayohesabiwa kuwa taka za viungo: kununua au kuuza kiungo kwa ajili ya nafasi, kutuma bidhaa ili uandikwe pamoja na kiungo, kubadilishana viungo kupita kiasi, viungo vilivyotapakazwa na programu, makala za matangazo zenye viungo visivyowekewa alama, orodha za tovuti zisizo na ubora, na viungo vilivyosambazwa kwenye miguu ya tovuti nyingi. Hili la mwisho linawagusa moja kwa moja mafundi wa tovuti wa kwetu. Kuandika jina la kampuni yako chini ya tovuti ya mteja si kosa. Kosa huanza unapoweka "watengeneza tovuti bora Dar es Salaam" kwenye mguu wa tovuti 60 za wateja, kurasa zote, bila nofollow. Kampuni za utalii nazo zina ukurasa wa "washirika wetu" wenye viungo 150 vya kupeana. Mshirika ambaye kweli mnapelekeana wageni, mweke ndani ya ukurasa unaoeleza mnachofanya pamoja. Hao wengine wote hawana wanachokupa.

Machi 2024 Google iliongeza sera dhidi ya kununua vikoa vilivyokwisha muda ili kutumia sifa zake za zamani. Mitandao ya siri ya blogu, bidhaa inayopendwa sana na wauzaji, imejengwa juu ya vikoa vya namna hiyo.

Imani nyingine inayopaswa kuachwa ni kwamba kiungo cha .go.tz au .ac.ke kina nguvu kwa sababu ya herufi hizo za mwisho. Google imekana mara nyingi kuwa kuna bonasi ya kikoa. Tovuti ya chuo huwa na uzito kwa sababu watu wengi huiunganisha, basi. Duka la Overstock la Marekani lilijaribu njia hiyo kwa kutoa punguzo la bei kwa wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo vilivyoweka viungo kwenye kurasa zao za .edu, na Februari 2011 likashushwa na Google kwa takriban miezi miwili. Mwezi uleule wa Februari 2011, baada ya gazeti la New York Times kuipelekea Google ushahidi wa viungo vya kununua vilivyoelekea duka la J. C. Penney, ukurasa wake uliokuwa wa kwanza kwa masanduku ya safari ya Samsonite ulishuka hadi nafasi ya 71 ndani ya saa mbili. Google haikujisamehe hata yenyewe: Januari 2012 iliushusha ukurasa wa kivinjari chake cha Chrome kwa angalau siku 60, baada ya kampeni ya makala za kulipia kukutwa na kiungo kisichowekewa alama.

Tangazo la kulipia lenyewe halijakatazwa. Gazeti likikuuzia nafasi, kiungo kiwekewe rel="sponsored", alama iliyoanza Septemba 2019 pamoja na rel="ugc" ya viungo vinavyowekwa na wasomaji. Ukiendelea kutumia nofollow ya zamani kwa matangazo, inakubalika pia. Jua tu kwamba tangu alama mpya zitoke Google huzichukua zote tatu kama dokezo, haizichukui tena kama amri.

Ukurasa wa adhabu

Kwenye menyu, tafuta panapoandikwa Manual actions. Hizi ni adhabu zinazotolewa baada ya mfanyakazi wa Google kuitazama tovuti kwa macho yake. Ukikuta alama ya kijani na maneno kwamba hakuna tatizo, hujaadhibiwa, hata kama umeshuka nafasi 40. Tafuta sababu kwingine: ubora wa makala, kasi, washindani, au viungo vilivyopuuzwa.

Ukikuta adhabu ya viungo, soma mwelekeo wake kwa makini, kwa sababu ziko mbili na tiba zake hazifanani. Ipo ya viungo visivyo vya asili vinavyokuja kwako, na ipo ya viungo visivyo vya asili vinavyotoka kwako. Aliyepata ya pili ameuza au ametoa viungo, na kazi yake ni kuingia kwenye kurasa zake, kuviondoa au kuviwekea alama. Wapo wanaopakia faili la kukana viungo kwa adhabu hii ya pili, wakisubiri wiki sita bila jibu. Faili hilo halina uhusiano wowote na viungo vinavyotoka.

Kwa adhabu ya viungo vinavyoingia, mpangilio wa kazi ni huu. Pakua viungo vya karibuni. Panga kwa tovuti, kisha angalia maneno ya kiungo, maana duka la simu linalounganishwa mara 300 kwa maneno "simu za bei nafuu Nairobi" neno kwa neno limejianika lenyewe. Andikia wenye tovuti hizo waondoe kiungo au wakiwekee nofollow, na weka kumbukumbu ya tarehe na majibu. Wasiojibu ndio wanaoingia kwenye faili la kukana. Kisha omba uchunguzi upya, ukiandika mambo matatu: tatizo lilikuwa nini hasa, umefanya nini, na matokeo yake ni yapi. Ambatanisha kiungo cha jedwali la kumbukumbu zako. Kama ulinunua, sema ulinunua na kwa nani, maana anayesoma ameshaviona viungo vyenyewe.

Google imeandika kwamba kutupa viungo vyote ndani ya faili bila kujaribu kuviondoa hakuhesabiwi kuwa juhudi ya kweli, na ombi kama hilo hukataliwa. Jibu huchukua siku kadhaa hadi wiki, na kwa viungo huweza kuzidi hapo. Usitume ombi la pili kabla ya jibu la kwanza.

Zana ya kukana viungo

Haimo kwenye menyu, na kuiweka pembeni ni uamuzi mzuri. Anwani yake ni search.google.com/search-console/disavow-links. Inamtaka mmiliki aliyethibitishwa, na haifanyi kazi kwa usajili wa kikoa kizima (Domain property). Ikiwa umesajili kwa njia hiyo, ongeza usajili wa pili wa anwani kamili (URL prefix), kwa mfano https://www. na jina lako. Utathibitishwa papo hapo. Zingatia kwamba faili hutumika kwa anwani uliyochagua na zilizo chini yake tu. Tovuti yako ikiwa inaishi kwenye www na umepakia faili kwenye isiyo na www, hujafanya kitu.

Faili ni la maandishi matupu, lenye mwisho wa .txt, kwa usimbaji wa UTF-8 au ASCII. Ukomo ni mistari 100,000 ikiwemo mitupu na ya maelezo, ukubwa MB 2, na anwani moja isizidi herufi 2,048. Kila mstari kitu kimoja:

# Waliandikiwa tarehe 3 na 17 Machi, hawakujibu
domain:linki-nafuu.example
domain:saraka-ya-tovuti.example
https://gazeti.example/makala/182

Mstari unaoanza na alama ya reli ni maelezo yako mwenyewe. Mstari wa domain: hukana kikoa chote pamoja na vikoa vidogo chini yake, na hapa ndipo ajali mbaya hutokea. Mtu anaona taka kutoka blogu moja ya blogspot.com, anaandika domain:blogspot.com, na kwa mstari mmoja amekana kila blogu iliyomo humo iliyowahi kumsifu. Andika jina kamili la blogu husika. Upande wa pili, kukana anwani moja wakati kiungo kimewekwa kwenye ubavu wa blogu yenye kurasa 900 kunaacha 899 zikiendelea. Hapo domain: ndiyo sahihi. Folda huwezi kuikana, ni kikoa au ukurasa. Na baada ya domain: usiweke https://, utapata kosa na faili litakataliwa.

Faili jipya hufuta la zamani lote. Haliongezei juu yake. Aliyekana vikoa 400 mwaka 2019, akapakia leo faili lenye vikoa vitano, amevirudisha vile 400. Kabla ya kupakia, pakua lililopo kwa kitufe cha zana hiyohiyo, ongeza mistari yako chini, kisha upakie. Matokeo husubiri Google ipitie kurasa husika upya, jambo la wiki kadhaa.

Nani aitumie? Mwenye adhabu ya viungo vinavyoingia, na mwenye uhakika kwamba yeye au fundi wake alinunua viungo vingi kiasi kwamba adhabu inaweza kuja. Google yenyewe imeandika kwamba tovuti nyingi hazihitaji zana hii. Programu za kulipia zinazotoa "alama ya sumu" kwa kila kiungo hukisia kwa vigezo vyake zenyewe, na hukumu zake huangukia mara kwa mara tovuti ndogo halali: blogu ya kanisa, jarida la kijiji, ukurasa wa chama cha ushirika wenye muundo wa zamani. Anayekana kwa kufuata alama hizo anajikata kura zake halali kwa mkono wake, na hakuna onyo litakalojitokeza kumwambia.

Ikilinganishwa na nyingine

Bing Webmaster Tools, nayo ya bure, ina ripoti ya viungo inayokuruhusu kulinganisha tovuti yako na za washindani, jambo ambalo Google haitoi kabisa. Kwa kutafuta nani anaweza kukutaja, ni bora kuliko Search Console. Bing ilikuwa na zana ya kukana viungo kabla hata ya Google, ikaiondoa mwaka 2023 kwa maelezo kwamba mfumo wake sasa unatambua wenyewe. Yandex ya Urusi ilichukua njia ya ukali kwa adhabu yake ya Minusinsk ya mwaka 2015, iliyowalenga wanunuzi wa viungo, kwa hiyo mwenye wateja wanaotumia injini hiyo asidhani viungo vyake vya zamani vitapuuzwa tu kimyakimya. Ahrefs huwapa wenye tovuti toleo la bure linaloonyesha ni viungo vipi vina nofollow na vipi vinaishia 404, na hivyo huziba mapengo mawili makubwa ya ripoti ya Google.

Ripoti ya viungo hubadilika taratibu, na kuifungua mara moja kwa mwezi kunatosha. Isipokuwa wiki ya kuhamisha tovuti: pakua majedwali yote manne kabla fundi hajagusa seva, kwa sababu orodha hiyo ndiyo itakayokuambia ni anwani zipi lazima zielekezwe kabla ya zote.